Elikana Hakuachia

Kibirizi, Kigoma

Dada Yunisi, Elikana wangu amemrudishia mtu pumzi, na wamemvunja bega kwa sababu hiyohiyo! Habari yenyewe ndiyo hiyo, nimeshindwa kuisubirisha hata nikuamkie. Sasa shikamoo, dada. Mwakeye huko Kidahwe? Shemeji mgongo umepoa? Sisi tunapumua, na mwaka huu kusema hivyo siyo mchezo.

Unamjua Mzee Gervasi, tajiri wa mitumbwi hapa mwaloni. Wiki iliyopita alishikwa na hii changamoto ya kupumua, midomo ikamgeuka rangi ya majivu. Zahanati mtungi wa oksijeni ulikuwepo, ila vifaa vya kufunika uso vilikuwa vimekwisha, na kale kampira ka puani hakakumtosha. Nesi Verediana akamkumbuka mwanangu. Si unajua Elikana anazamia kukamata samaki wa mapambo? Vijana wa mwaloni humcheka, eti daktari wa vidagaa. Haya, daktari akaitwa. Alikwenda na barakoa yake ya kuzamia, ile inayofunika uso mzima, akang'oa bomba la juu, akaunga mpira wa oksijeni, Verediana akamwonyesha pa kuacha njia pumzi chafu itoke. Kichwa hicho kakitoa kwetu, dada, siyo kwa baba yake.

Shida ikawa ndevu za mzee. Hewa ilivujia kidevuni, ikabidi Elikana aikandamize barakoa kwa mikono yote miwili huku Verediana anatoka kutafuta wembe. Ndipo wakaingia vijana watatu wa mtumbwini kumwona tajiri wao. Walichokiona ni mtu kamlalia mzee, kamgandamiza kitu usoni, na mzee anarusha miguu.

Hawakuuliza. Mmoja alimtwanga ngumi ya sikio, damu ikaruka mpaka ukutani. Wa pili akampiga mateke ya mbavu. Wa tatu alikuwa na kasia, akalishusha begani. Verediana anasema mfupa aliusikia toka mlangoni, kama kuni kavu. Elikana hakuinua mkono hata kujikinga uso, maana angeuinua mzee angekata roho. Alisema mara moja tu, "Nipige, ila mikono usiniguse." Kasia likashuka tena.

Mimi nilikuwa napima dagaa. Niliposikia mayowe nilikimbia na jiwe la mizani mkononi, la kilo mbili. Unanijua. Yule wa kasia nilimpasua kisogoni, akaangukia beseni la chuma, meno yakabaki humo. Wenzake walitorokea dirishani. Hata mchungaji nimemwambia sijutii.

Mzee Gervasi amepona, ameshaanza kuwatukana wapagazi. Lakini sikio la mwanangu limepasuka, daktari amesema asizamie tena maisha yake yote. Sasa zahanati wamemwomba awatengenezee barakoa nyingine. Nani anamcheka leo?

Dada, kaa chini. Yule wa kasia alipogeuka, damu imemjaa shingoni, alikuwa Meshack wako. Kidonda anachokwambia kagongwa na injini ya boti ni jiwe langu. Na Elikana alishamwona. Alichosema hasa ni, "Meshack, nipige, ila mikono usiniguse." Jina nililiruka makusudi, nilitaka kwanza umwone mwanangu alivyosimama.

Kwenda polisi Elikana amekataa. Anasema bega halinyanyuki, anahitaji mikono ya mtu wa kukaza barakoa kwenye nyuso za wagonjwa, na anaitaka ya Meshack, ndugu yake. Mimi hasira bado ninayo na jiwe ninalo, lakini nimemwambia sawa. Mtoto wako ni wangu, ndiyo maana nilimpiga kama wangu.

Mzee Gervasi anachinja mbuzi wa shukrani. Msalimie shemeji na watoto, na majirani uwaambie Elikana ni wa nani. Meshack atangulie mbele yenu, asijifiche nyuma ya kanga yako.

Mdogo wako,
Recho, mama yake Elikana

Tunawangoja nyote Jumamosi.