Picha Ambayo Simo

Warda mwanangu,

Wali uko kwenye hotipoti. Samaki nimemfunika sahani na jiwe juu, unamjua paka wa hapa. Nguo uzianue mapema, wingu si zuri.

Nimekwenda Mahurunga kwa shangazi yako Tabu. Asubuhi ulipopanga picha za harusi za kupeleka ubalozini, kumbe kweli, zote nimekaa katikati yenu. Mumeo naye kwenye simu huko Marekani: “Mama, kwa picha hizi watasema mke ni wewe, na viza watakupa wewe!” Nikamwambia baridi yenu siitaki. Ukacheka, kisha ukaingia chumbani ukalia. Nilikusikia.

Ipo moja ambayo simo. Nilipoinuka kuswali Alasiri mkashikana mikono, Tabu akapiga picha. Nikamwamuru aifute. Hakuifuta, ila haitumi mpaka niende mwenyewe kumwomba radhi. Wifi huyo!

~~Nilikaa katikati kwa ajili ya heshima.~~ Nilikaa katikati kwa sababu nilijua mumeo atakuchukua.

Picha nitarudi nayo, inshallah. Ubalozini wakiuliza yule mama wa katikati kaenda wapi, waambie alikwenda kuswali.

Mama yako