Sarmale za Bibi Veturia

Ilinca, siamini. Siamini kabisa!

Nimerudi sasa hivi kutoka chuoni, nilikolala wiki nzima kwa mitihani, nikamkuta Smaranda, binti yake Bibi Veturia jirani yangu, mlangoni kwangu na sahani ya sarmale, zile nyama za kuviringishwa kwenye majani ya kabichi. Unajua kila Jumapili mimi na bibi tunapikiana.

Nikamwambia, "Asante! Mwambie ajuza wangu najua chumvi kamwaga tena!"

Akanikatiza, "Usiseme asante, mdogo wangu. Sema bogdaproste."

Bogdaproste, Ilinca! Neno la kupokelea chakula cha kumwombea maiti!

Nikacheka. Nilicheka, jamani! Nikadhani bibi kamtuma anitanie.

Smaranda akaanza kulia. "Tumemzika juzi. Alitukataza kukuambia, tusikuharibie mitihani."

Smaranda ameondoka. Bado nimesimama na sahani, na hilo neno halitoki. Nikilisema, nitakuwa nimekubali.