Vichupa vya majirani

Mujukuu wangu Neema,

Sisi huku Masisi tunapumua, Mungu ashukuriwe. Mama yako amemaliza kupanda maharagi, na ile mbuzi yako imezaa.

Unauliza kwa nini nilirudisha dawa ya macho uliyonitumia, ile iliyobakia kwako huko Goma. Usikasirike. Kabla hujazaliwa, dada yangu Furaha aliumizwa jicho na ganda la maharagi tukiwa tunapiga mavuno. Kwetu muntu haendi kuona mugonjwa mikono mitupu. Kila jirani alimuletea kichupa cha dawa ya macho alichobakiza nyumbani, akamudondoshea kidogo. Kilipoisha, kingine kilikuja. Mimi pia nilileta changu.

Tulipomufikisha ku hospitali, munganga alisema ni kuvu imeota ndani ya jicho, na pengine imeshazoea dawa, kwa kuwa tuliionjesha kidogo kidogo bila kuiua. Alijaribu sana. Jicho lilikufa.

Sikukaripii, mutoto wangu. Ulituma kwa upendo, na sisi pia tulileta kwa upendo. Mpaka leo Furaha anataja wote waliomuletea dawa, jina kwa jina, akitushukuru. Akifika ku jina langu, njo ninaangalia chini.

Ni mimi, koko yako.