Bastola ya Mzee Shamsu na Mkono Wangu

Malton, karibu na Toronto, Kanada
Jumapili

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeshakunywa chai na Mama hajaanza kelele zake za asubuhi. Mgongo wake unaendeleaje? Na paa la jikoni, mdogo wangu Rajabu amelipiga bati au bado anasema kesho? Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Baridi imeanza kupungua, ila bado natoka nyumbani nimevaa mpaka nafanana na gunia la mkaa.

Baba, nakuandikia kwa sababu ya mkono wangu wa kulia. Lakini siwezi kukueleza habari za mkono bila kuanza na bastola. Usishtuke, kaa chini. Na kama Mama anasoma begani kwako, mwambie asubiri mwisho ndipo alie.

Kuna mzee mmoja hapa, Mzee Shamsu, Mhindi wa Tanga aliyehamia huku akiwa kijana. Tulikutana dukani kwa mkwewe, mimi nachagua mihogo huku nagombana na Rajabu kwenye simu. Akaniuliza, "Weye wa Korogwe?" Basi, undugu ukaanzia hapo. Kila Jumamosi yeye na mkewe hunipitia, tunakwenda kulenga shabaha. Ni jengo tu, watu wanatoboa karatasi kwa risasi, ndiyo mchezo wenyewe. Mkewe hukaa nyuma anafuma sweta. Bastola ni ya mzee, aliinunua zamani kwa mtu ikiwa imeshatumika. Sheria ya siku hizi haimruhusu kuniuzia wala kuniachia, kwa hiyo nikifyatua lazima awe ubavuni pangu.

Sasa bastola hii ilikuwa na tabia yake. Nikifyatua mara mbili tatu, inakwama. Risasi ikishatoka, ganda lake la shaba linatakiwa liruke nje lenyewe ili risasi nyingine ipande. Kwangu mimi ganda lilibanwa mlangoni, likasimama hapo linanitazama. Na unanijua, kitu kikigoma silali mpaka nijue kwa nini. Sijui nilirithi kwa nani!

Mara ya kwanza nikasema ina kiu tu. Kwetu mashine ikigoma dawa yake ni mafuta, na kile kichupa chako cha mafuta ya cherehani nilikuja nacho huku. Mzee alipoifungua mezani tuisafishe, akaenda kunawa mikono. Mimi nikaimiminia kila tundu, kama nilivyokuwa nakuona wewe. Lo! Nilipofyatua, mafuta yakanirukia usoni, miwani ikawa chapati. Mkewe alicheka mpaka akaangusha sindano.

"Mwanangu, hii haishoni kanzu!" mzee akasema. "Tone moja lingetosha."

Tukaipangusa. Ikakwama. Tukabadilisha risasi, pengine zile za mwanzo zilikuwa dhaifu. Ikakwama. Tukabadilisha springi ya kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini, maana ilikuwa imelegea kwa uzee. Ikakwama! Nami, kusema kweli, nilikuwa nafurahi. Wiki nzima kazini nilikuwa naifikiria hiyo springi.

Jana mzee akasema, "Hebu nipe." Mtu mzima yule, mikono imemkauka kama kuni. Akafyatua kumi, maganda kumi yako chini. Nikachukua mimi, ya tatu tu imekwama. Nikaiweka mezani, mtutu ukitazama mbele kama alivyonifundisha.

"Bastola haina ubovu," akasema. Akanieleza kwamba ikifyatuka inajisukuma nyuma ili iteme ganda, na lazima kifundo cha mkono kikaze ndipo ifike mwisho. Mkono ukilegea, unarudi nayo, ganda linabaki. Akaweka kiganja chake chini ya kifundo changu, akakishikilia. Nikafyatua kumi. Hakuna hata moja iliyokwama.

"Mkono huu unauma tangu lini?"

"Hauumi, mzee."

"Mbona chai unashika kikombe kwa mikono miwili?"

"Baridi tu."

Mkewe akaacha kufuma.

Baba, unauma. Unauma tangu mvua za vuli za huko kwenu. Pale kwenye ghala la mizigo, jirani na uwanja wa ndege, nageuza vifurushi kwenye mkanda wa mashine zamu nzima, na nikiamka vidole vimekufa ganzi, vifungo vya shati vinanishinda. Sijamwambia msimamizi kwa sababu anayelalamika haitwi tena zamu. Nimelaumu glavu, nimelaumu godoro, mwisho nikailaumu bastola ya watu. Naogopa, Baba. Bila mkono huu sijui nitafanya kazi gani huku.

Leo asubuhi nimeikumbuka cherehani yako ya miguu. Mishono ilipoanza kupinda ulisema imechoka. Uliifungua mara tatu, ukaitia mafuta mpaka sakafu ikateleza, mwishowe ukamwuzia Mama Sauda. Rajabu anasema mpaka leo mama huyo anaitumia kushona sare za shule, na mshono umenyooka.

Kesho mke wa mzee ananipeleka kwa daktari. Nikitoka huko naenda kumwambia msimamizi, liwalo na liwe.

Nisalimie Mama, Shangazi Mwanahamisi na magoti yake, Rajabu na bati lake. Jirani yetu Mama Sauda naye msalimie, ila usimwambie nimeitaja cherehani.

Nijibu jambo moja tu. Barua zako siku hizi zote ni mwandiko wa Rajabu. Na mara ya mwisho nilipokuja nyumbani, kila asubuhi nilikuona umeshika kikombe kwa mikono miwili. Mimi nilimdanganya Mzee Shamsu kwamba ni baridi. Wewe, Baba, hapo Korogwe kuna baridi gani?

Mwanao akupendaye,
Mwanaidi