Sosi ya Kuombea Radhi

Mama Watoto,

Hiyo chupa hapo mezani si dawa, ni sosi ya saladi. Nimeitengeneza mwenyewe kwa vitu vya kabatini: mafuta vijiko vitatu, siki kimoja, haradali, asali kidogo, kitunguu saumu na chumvi. Itikise kabla ya kumimina, ila kaza kifuniko kwanza. Usiniulize nimejuaje. Tazama dari.

Asubuhi ulipotoka umenuna, nilijua nimeyataka mwenyewe. Mtu umeamka mapema, umeosha majani, umeyapanga vizuri kwenye bakuli, halafu mimi nakuuliza, "Kwani mimi mbuzi?" Ulimi hauna mfupa, mke wangu. Nisamehe.

~~Saladi yako ya mchana iko kwenye friji.~~

Nimefuta hapo kwa sababu nilionja jani moja tu, nijue kama chumvi imekolea. Likamwita mwenzake. Sasa bakuli ni tupu, nimeshaliosha, na kazini nimechelewa.

Sosi imebaki ya kutosha. Jioni naleta mafungu mawili ya majani: moja lenu, moja langu.

Mbuzi wako,
Baba Watoto