Aliyoyasikia Baba Redioni

Hanalei, Kauai
Jumatatu, 8 Januari

Dada Kehau mpenzi,

Aloha nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti lako limepata nafuu, na shemeji ameacha kulalamikia baridi ya huko jangwani. Mjukuu wetu Nalani je, ameshaanza kusimama dede? Mimi huku ni mzima wa mwili. Mengine utayasoma mbele, na tafadhali yasome ukiwa umekaa, peke yako, bila kumpigia ndugu yetu Palani simu katikati.

Najua kila ukipiga simu huanza kuulizia bahari, basi nianze nayo. Tangu jana mawimbi ya kaskazini yanapungua. Kwetu asubuhi hii ni futi nne hadi sita, upepo wa mashariki umerudi, na mvua inanyunyiza milimani. Oahu wana futi tano, Molokai na Maui nne, na Kisiwa Kikubwa wanasema mbili hadi tatu, ila moshi wa volkano umewafunika watu wa Kona hawaoni hata upeo. Pwani za kusini zimetulia kabisa, watoto wanaogelea. Lakini Ijumaa, siku unayofika, kuna mawimbi mengine yanakuja kutoka kaskazini magharibi. Yatatufikia sisi kwanza kama kawaida, kisha Oahu baada ya saa chache, kisha wenzetu wa huko chini. Nimesimama gatini nusu saa nzima nikiyahesabu ya leo moja moja, nimelowa mpaka kwenye soksi.

Baba anaendelea vizuri. Mbavu zinaunga, maji yametoka mapafuni, na michubuko ya mgongoni imeanza kukauka. Anakula, ingawa poi ya hospitali, ule uji wa magimbi, anaiita gundi ya karatasi, na juzi alimwambia muuguzi kwamba kama wanataka kumuua wamrudishe tu baharini, angalau kule alikuwa anakufa ameshiba. Alicheka peke yake. Mimi sikuweza.

Palani ameniambia kwamba umemkatia Baba tiketi ya kuondoka na ninyi baada ya sherehe ya Nalani. Ya kwenda tu, bila ya kurudi. Amesema chumba umeshakipaka rangi, na kuna kituo cha wazee karibu na kwako. Dada, najua umefanya kwa mapenzi. Kwa habari ulizopewa hata mimi ningefanya hivyo hivyo.

Naomba nikueleze ilivyokuwa tangu mwanzo, maana Palani amekueleza nusu, na nusu yenyewe aliipata kwangu.

Siku moja kabla ya ajali nilipita kwa Baba mchana kumpelekea maziwa. Nilimkuta barazani ananoa kile kisu chake kifupi, na mfuko wa wavu umening'inia kwenye gari. Nilijua. Sherehe ya Nalani ilikuwa wiki mbili mbele, na Baba alishaapa kwamba kitukuu wake wa kwanza hawezi kutimiza mwaka mezani pakiwa na nguruwe na samaki lakini opihi, wale konokono wa miambani, hakuna, watu wangemcheka mpaka kaburini. Lakini unajua kwetu mtu haulizwi kama anakwenda baharini, ni kumtia nuksi. Nikauliza kama kesho atakuwa na matembezi. Akasema labda atatembeatembea kidogo, kutegemea miguu. Nikamtania kwamba miguu yake siku hizi inanolewa kwa jiwe. Akanirushia ganda la chungwa. Hivyo ndivyo tulivyoachana.

Asubuhi yake akaondoka saa kumi na mbili na robo. Akateremka kwenye ile miamba iliyo chini ya makaburi ya kina bibi. Bahari ilikuwa imelala. Alishajaza nusu ya mfuko ndipo seti ya kwanza ya mawimbi makubwa ilipokuja, bila upepo wala dalili yoyote, ikambandua mwambani kama yeye mwenyewe anavyobandua opihi. Kwa kuwa hakuna aliyemuuliza aendako, hakuna aliyejua pa kumtafuta. Tulizunguka kwa muda wa saa tatu. Palani alipita na gari kila ufuko akipiga honi. Aliyeliona gari la Baba kando ya makaburi ni jirani yake, Bi Kanoe, na walinzi wa ufuko wakaenda na ile pikipiki yao ya maji, wakamkuta amejikita kwenye ufa wa mwamba, mikono imegoma kufunguka. Mfuko ulikuwa bado kiunoni. Mlinzi mmoja aliniambia kwamba neno la kwanza alilotamka mzee lilikuwa wasimwage opihi wake.

Hapo ndipo Palani alipoanza. Hasira yake ilikuwa ya woga, simlaumu. Alisimama kando ya kitanda cha Baba mbele ya Dokta Tamashiro akafoka: “Baba, redio imesema futi nane! Nane ya Healani! Unajua anavyopima kwa mgongo wa wimbi, nane yake kwa mgeni ni kumi na sita, inabeba nyumba! Wewe unakwenda kuchuma opihi?” Baba akamjibu polepole kwamba redio ilisema mbili. Palani akamwambia kwamba yeye mwenyewe alisikia nane, kazini walisikia nane, kisiwa kizima kilisikia nane. Baba akasema tena mbili. Dokta akaandika kitu. Ndipo yakaja yale maswali, leo tarehe ngapi, punguza saba kwenye mia, chora saa. Baba alichora saa, akaongezea pembeni maji kujaa na maji kupwa, dokta akatabasamu kidogo lakini kalamu haikusimama.

Tangu siku hiyo, Dada, Baba amekuwa mtu mwingine. Anawauliza wauguzi leo ni siku gani, kisha anauliza tena kwa kuogopa kwamba hakusikia vizuri. Amejiandikia majina yetu kwenye karatasi chini ya mto. Palani alipomweleza habari ya kuhamia kwako hakubisha hata neno. Alisema kama kichwa kimeanza kuvuja ni afadhali awe mbali na maji. Mtu aliyenifundisha mimi kusoma bahari, anasema hivyo huku amegeukia ukutani.

Sasa sikiliza. Baba alisikia sawasawa. Redio ilisema mbili. Mimi Healani ndiye niliyesema mbili.

Miaka kumi na moja nimekuwa nikienda gatini kabla hakujapambazuka, nikitazama, kisha nikiwapigia simu redioni kutangaza hali ya bahari. Tangu Novemba nilikuwa siendi kila siku. Mvua, barabara ya matope, uchovu, sina sababu ya maana ya kukupa. Kukiwa shwari nilikuwa napiga simu nikiwa kitandani, narudia ya jana, naongeza habari ya mvua niliyoisikia juu ya bati. Asubuhi ile nilisema mbili nikiwa nimejifunika blanketi, kwa ile sauti yangu nzuri ya redioni. Nikalala tena. Ngurumo ya mawimbi ndiyo iliyoniamsha. Nikakimbia gatini na nguo ya kulalia, nikapiga saa moja kamili, nikasema nane na inaongezeka. Wengi husikiliza saa moja. Baba husikiliza saa kumi na mbili, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza sauti yangu inasikika, na hamwamini mtu mwingine.

Hilo lingetosha, lakini si lote. Pale hospitalini Palani alimwambia Baba, “Mwenyewe huyu hapa, muulize.” Baba akanigeukia. Hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayesubiri kushikwa mkono. Nami nikasema, “Nane, Baba.” Akasema basi, alisikia vibaya, ni uzee.

Nimelibeba neno hilo siku tisa. Kwenye simu nimejaribu kukuambia mara tatu, lakini mdomo wangu umezoea kutangaza kwamba mambo ni shwari, ukanikatalia. Leo asubuhi nilikwenda kwake kabla Palani hajatoka kazini. Nilimweleza yote, blanketi na yote. Nilingoja anifukuze. Badala yake alishika ule upande wa mbavu zake akainuka kukaa, akaniuliza, “Kwa hiyo nilisikia mbili?” Nikamwambia ndiyo. Akauliza tena, nikamjibu tena. Dada, Baba alilia, na alikuwa analia kwa furaha. Alimwita muuguzi akamwambia, “Mbili! Nilisikia mbili!” na yule mama wa watu hakuelewa kitu, akampongeza tu. Ile karatasi ya majina aliichana, kisha akalala, na mimi nikabaki nimekaa pale na viatu vyangu vya matope.

Palani anakuja hospitali saa kumi. Nitamwambia mwenyewe, na redioni nimeshawaambia. Wewe nakuomba jambo moja tu, ukishamaliza kunikasirikia au hata kabla ya kumaliza: irudishe tiketi ya Baba. Mzee wetu hana kosa la kupelekwa mbali na kwao. Ukija Ijumaa sitakuja uwanja wa ndege, mpaka uniite.

Msalimie shemeji na umbusu Nalani kwa niaba yangu. Bi Kanoe anakusalimu. Baba naye anakusalimu, na ameamka sasa hivi akaniambia nikuandikie hivi hivi alivyosema: “Mwambie Kehau masikio yangu ni mazima. Aliyekuwa haoni ni mdogo wake, na huyo hatumpeleki popote.”

Ni mimi mdogo wako,
Healani