Pikipiki Nimeichukua Mimi

Baba Kasiani,

Ugali uko chini ya kawa. Mbuzi hawajafunguliwa.

Asubuhi homa ilipompanda mama yangu, ulisema mkwe hawezi kukaa nyuma yako akakushika kiuno, ukaenda kutafuta wachukuzi wa machela. Heshima ni jambo jema, lakini mama anatetemeka na wewe hujarudi. Basi nampeleka misheni, Morogoro, kwa hiyo pikipiki uliyoachiwa na yule Mdachi uliyemtumikia. Mimi atanishika, ni mwanawe.

Betri usiiwazie. Maji yake huwa natia mimi, kazi yako ni kuipangusa pikipiki watu wakuone. Kofia yako ya ngozi amevaa mama.

~~Usitufuate.~~ Wachukuzi ukiwapata, njoo nao mbio kwa njia ya mtelemko. Kuiwasha naweza. Kuisimamisha hukunionyesha.

Mkeo